Duara Jeupe

Kijana wa hesabu alifika nyumbani kwa Mkunga saa kumi jioni kama alivyoahidi, akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avivue, akaomba vikombe viondolewe mezani. Kisha akakunjua karatasi yake. Ilikuwa ndefu kuliko meza. Ncha moja ilining'inia upande wa Mjomba, nyingine ikamwangukia mapajani mume wa Mkunga, baba mwenye nyumba, naye akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Juu ya karatasi hiyo ulikuwapo ukoo mzima wa Mkunga, walio hai na waliokufa. Wanaume walikuwa miraba, wanawake maduara. Aliyekufa alikatwa kwa mstari wa mshazari. Aliyeharibikiwa masikio alijazwa wino mweusi, na mzima aliachwa mweupe. Weusi walikuwa kumi na mmoja. Mkunga aliijua karatasi ile kuliko aliyeileta, kwa sababu aliyeichora mara ya kwanza, kwa penseli na rula, alikuwa yeye. Miaka miwili nyuma, watafiti walipopita hospitalini wakiuliza kama kuna familia yenye uziwi wa kurithi, yeye ndiye aliyeinua mkono. Alizunguka kwa wajomba na kwa mama wadogo, akauliza nani alianza lini, akaandika. Alipofika kwenye duara lake mwenyewe aliliacha jeupe.

Uziwi wa ukoo ule ulikuwa na vituko vyake. Uziwi wa wazee huanza kwa kula sauti nyembamba. Huu ulianza na zile nene: ngurumo, injini, sauti za wanaume. Mwenye nao aliweza kusikia kijiko kikidondoka jikoni na asisikie lori likipita chini ya dirisha. Basi watu waliwaona wana kiburi, maana mwanamke alimjibu jirani yake vizuri kabisa, na mumewe akimwita anajitia hamnazo. Ulianza karibu na miaka thelathini, ukaendelea taratibu, na haukuwahi kumrudishia mtu alichochukua.

"Jamani," alisema kijana, "hesabu zinakataa."

"Zinakataaje?" aliuliza Mjomba. Alikuwa kaka mkubwa wa Mkunga, fundi wa magari, mraba mweusi. Alimkazia kijana macho mdomoni, maana masikio yake yalikwisha zamani. Kuna wakati alikuwa akibana bisibisi kati ya injini na meno yake ili aijue inavyounguruma, wateja wakacheka mpaka akaacha. Siku hizi alinyoosha mabodi na kupaka rangi tu.

Kijana alieleza polepole, akitamka kila neno mbele ya Mjomba. Kila mtu amegawiwa urithi wake vipande vipande, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Wanatafuta kipande kimoja ambacho wote waliojazwa wino wanacho, na weupe hawana. "Lakini ndugu wawili wanaweza kupata kipande kimoja kwa bahati tu," alisema, "kama sarafu ikianguka upande uleule mara mbili. Kwa hiyo tunapiga hesabu ya ukoo wote pamoja, tuone bahati peke yake ingeweza kuleta jambo hili au la. Hesabu inatupa namba. Tunataka tatu. Tatu maana yake ni elfu kwa moja kwamba si bahati."

"Na sisi tumepata ngapi?"

"Moja nukta nane."

Mjomba alipiga mluzi. "Basi tumefeli, Bwana Tatu." Na jina likamganda kijana wa watu tangu dakika ile.

Bwana Tatu alitabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye karatasi. "Kuna mtu mmoja. Huyu mtu ana kile kipande, kamili, sawasawa na cha wagonjwa wote. Umri wa kuanza kuumwa ameupita siku nyingi. Lakini alipopimwa, masikio yake yaliandikwa mazima. Huyo mmoja ndiye anayeivuta namba chini. Nikiiambia kompyuta kwamba hali yake siijui, namba inapanda mpaka tatu nukta mbili."

"Nani huyo?" aliuliza baba mwenye nyumba.

"Siruhusiwi kusema, Baba."

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama karatasi tu, hakuinua macho hata kidogo, na kwa Mkunga kule kutoinua macho kulikuwa ni kunyooshewa kidole. Mkunga aliinuka akaenda kujimiminia chai ambayo hakuitaka.

Kijana alisema kwamba Alhamisi watu wote wa ukoo wanaopatikana watapimwa upya, na safari hii hata watoto waliovuka miaka kumi na minane. Mradi unafunga mafaili mwisho wa mwezi. Ukoo utakaofika tatu utaingia hatua ya pili: kile kipande kitasomwa herufi kwa herufi, kila kijana ataambiwa kama anacho, na wenye nacho watafuatiliwa kila mwaka na kupewa vifaa vya masikioni mapema, kabla hawajaharibikiwa maisha. Ukoo usiofika tatu utawekwa kabatini.

"Mimi nipimwe ya nini?" aliuliza Binti, mtoto pekee wa nyumba ile, miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. "Mlisema wenyewe, mama akivuka arobaini akiwa mzima, watoto wake wako nje ya mstari. Mama ana arobaini na minane."

"Ndivyo tulivyosema," alijibu Bwana Tatu. Akaanza kukunja karatasi.

*

Mara ya kwanza Mkunga hakwenda kupimwa akiwa amepanga kudanganya mtu. Alikwenda akijua atakachoambiwa, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshajua kwa miaka kumi na minne, na njia nzima alijikaza kisabuni.

Kibanda cha kupimia kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, kuta zake zimevikwa sponji ya kijivu. Mpimaji alikaa nje, nyuma ya dirisha la kioo, na mpimwaji aliketishwa akimpa mgongo. Ulivalishwa hedifoni, ukapewa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza; walianza na milio minene. Ukutani mbele ya kiti kulikuwa na tangazo ndani ya fremu ya kioo: BONYEZA UKISIKIA. USIGEUKE. Mkunga alilisoma. Akangoja. Hakusikia kitu. Ndipo alipomwona mpimaji ndani ya kioo cha lile tangazo, mdogo lakini mzima, na bega lake la kulia lilipanda kidogo kila alipobonyeza mashine yake.

Bega likapanda, naye akabonyeza. Hakumbuki kama aliamua. Kidole kiliamua. Baadaye akawa anakosa makusudi moja mbili ili isionekane nzuri kupita kiasi, na alipotoka mpimaji alimwambia, "Masikio ya msichana, Mama." Akacheka naye.

Msomaji asimhukumu haraka. Wodi ya wazazi ilikuwa ndiyo kila kitu chake. Mkunga mwenzake aliyepungukiwa macho alikuwa amehamishiwa stoo ya mafaili, na huko alikaa akipanga majalada mpaka akastaafu, hakuna aliyekuja kumuuliza hata njia ya chooni. Mkunga aliapa hatafika stoo. Na kwa kweli alijua kazi yake. Mikono yake ilijua mtoto amelalaje kabla mama hajamaliza kujilaza kitandani.

Kilichobaki ni mapigo ya moyo. Mapigo ya mtoto tumboni ni sauti nene, ya chini, na husikilizwa kwa kibomba cha mbao chenye mdomo mpana. Upande mmoja tumboni, upande mwingine sikioni. Kibomba hicho kilikuwa kimemnyamazia Mkunga miaka mitano sasa. Akabuni njia. Alikiweka, akainama, akasikiliza hewa, kisha akamkabidhi mwanafunzi. "Hebu sikiliza wewe, uniambie ni mangapi." Mwanafunzi alihesabu akasema, "Mia na thelathini na sita, Sista." Naye aliitikia kwa kichwa kama aliyekuwa anajua. Katika wodi nzima hakuna aliyefundisha kama yeye. Wanafunzi waligombania zamu zake, na mara mbili alipewa cheti cha mkufunzi bora, akakitundika sebuleni.

*

Jumanne wanafunzi walikuwa kwenye mitihani. Ile mashine ndogo ya kutoa mapigo kwa sauti ilikuwa imepelekwa kutengenezwa tangu wiki iliyopita. Zamu ilikuwa na wakunga wawili, na mwenzake alikuwa chumba cha pili na mama aliyekwisha kuanza kusukuma.

Kitandani kwake alikuwapo mwanamke mdogo, mshona mapazia, uzazi wa kwanza. Alishika chuma cha kitanda, akauliza kila baada ya uchungu: "Sista, anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Mkunga aliweka kibomba. Akainama. Kimya. Akaweka kiganja, akamhisi mtoto anajinyoosha, akajiambia anayecheza ni mzima. Ilibidi aandike namba kwenye chati. Aliandika mia na arobaini. Baada ya nusu saa akainama tena, akasikiliza kimya kilekile, akaandika mia na arobaini. Kalamu haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote.

Mwenzake aliingia kuazima glovu. Kwa kuwa Mkunga alikuwa akiandika, alichukua kibomba mwenyewe, kiungwana tu, kumpunguzia mwenzake kazi. Aliinama. Akakaa pale muda mrefu. Alipoinuka sura yake ilikuwa imebadilika.

"Sabini na nane," alisema.

Walikimbia na kitanda hadi chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka amelegea, rangi yake si rangi, na dakika nne zilipita kabla hajalia. Alilia. Sauti ya mtoto mchanga ni nyembamba, kwa hiyo Mkunga aliisikia vizuri, akaegemea ukuta wa korido.

Matroni aliisoma chati mbele yao. "Mia na arobaini, mia na arobaini, halafu sabini na nane. Ameshuka ghafla. Mngechelewa kidogo tu tungekuwa tunasema mengine." Akatia sahihi. "Hongereni. Mlikuwa macho."

Jioni, kabla ya kutoka, Mkunga alipita kumwona mshona mapazia. Mwanamke yule aliushika mkono wake wa kulia, ule ulioandika, akaubusu. "Mungu akuweke, Sista. Ningekuwa na mkunga mwingine sijui." Mkunga hakuwa na pa kuuficha ule mkono. Aliuacha pale, ukabusiwa mara ya pili.

*

Kesho yake alimkuta Binti jikoni akikatakata vitunguu kwa hasira. Binti alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika idara ya maji, kitengo cha kupokea simu za wateja. Miezi mitatu alikuwa akirudi na hadithi za watu wanaopigia kelele mabomba makavu kana kwamba yeye ndiye aliyeyafunga. Leo hakuwa na hadithi.

"Nimeitwa ofisini tena."

"Kuna nini?"

"Msimamizi kanisikilizisha simu zangu, mbele ya wenzangu. Mzee mmoja ananitajia namba ya mita, mimi nasema samahani, anarudia, nasema samahani. Wakahesabu. Samahani tisa, Mama. Watu walicheka mpaka wakashika meza." Alifuta macho kwa kiwiko, akasingizia vitunguu. "Wanawake nawasikia safi kabisa. Ni wanaume tu. Wanaume wa siku hizi wanaongea chini, sijui wanasengenya nani."

Mkunga alishika ukingo wa sinki. Maneno yale hayakuwa mageni. Aliyasema yeye, akiwa na miaka thelathini na mbili, kwa mama yake, kwa uchovu uleule. Na mama yake, ambaye wakati huo alikuwa duara jeusi tii, alimtazama mdomoni akayasoma yote, akaanza kulia.

Kutoka sebuleni ulisikika mlio mwembamba wa kijiko kikigonga glasi. Wote wawili waligeuka kwa pamoja.

Baba mwenye nyumba alisimama mlangoni, glasi mkono mmoja, kijiko mkono mwingine. Alikuwa mtu wa sauti nene na maneno machache. "Nyumba nzima mnajifanya hamnisikii," alisema. "Nimeita mara tatu. Ndiyo maana natembea na kijiko." Hakusema kwa ugomvi. Lilikuwa jambo la nyumba yao, la miaka mingi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini kijiko kiliitikiwa na yeye hakuitikiwa. Zamani aliona kuwa mkewe anamdharau. Aliumia peke yake, kisha akazoea, kisha akaacha kabisa kumwita kwa jina. Mkunga alilijua hilo pia, na lilikuwa mojawapo ya gharama za siri yake.

Binti alicheka. Baba alipewa maji yake akaenda zake.

"Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi," Binti aliendelea. "Na wanataka cheti cha masikio. Nimewaambia sawa, kesho naenda kupimwa hata hivyo, nitawaletea. Wajue ni uzembe tu, nitajirekebisha." Akarudi kwenye vitunguu. "Ningekuwa mtoto wa Mjomba ningekuwa nimeshapagawa, wallahi. Nashukuru nina mama mzima."

Mkunga alifungua kinywa. Kila kitu kilikuwa pale, tangu lile bega la kwanza hadi ile mia na arobaini ya pili.

"Hiyo chumvi imetosha?" aliuliza.

Baadaye, akikunja sare yake, alijitengenezea mpango, na ulikuwa mpango mzuri kwa mtu aliyebanwa. Kesho atakitazama kile kioo mara ya mwisho. Wiki ijayo ataomba kuhamia kliniki ya chanjo, aseme mgongo. Hakuna mtoto mwingine atakayeandikiwa namba ya kubuni, na hakuna stoo. Binti naye atapimwa mwenyewe, masikio yake yatajisemea, madaktari watamhudumia kwa majibu yake, si kwa duara la mama yake. Ukoo usipofika tatu, basi. Wajomba na mama wadogo walikwisha kuzoea. Aliuzungusha mpango huo kichwani, akautafuta ulipotoboka, hakupaona.

*

Alhamisi walikaa kwenye benchi la korido, Mkunga katikati, kaka yake kulia, Binti kushoto. Mlango wa chumba cha kupimia ulikuwa na kidirisha, na kutoka pale benchini aliona kwa pembeni mpimaji mbele ya mashine yake, na ng'ambo ya kioo cha kibanda, kiti chenyewe. Mpimaji alikuwa yuleyule. Fremu ilikuwa palepale. Aliitafuta kwa macho kabla hajaitikia salamu ya mtu.

Bwana Tatu alikuwa akizunguka na orodha, penseli sikioni.

"Mimi niandike mweusi moja kwa moja," Mjomba alimwambia, "msipoteze umeme wa serikali."

"Lazima upimwe, Mjomba. Hesabu haikubali maneno."

"Hesabu yako ina roho mbaya." Wakacheka. Wakamwita Binti wa kwanza, kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu kazini.

Binti aliingia, akavalishwa hedifoni, akapewa kitufe. Mkunga alimwona kwa ubavu. Aliona kifua chake kikipanda na kushuka. Dakika ya kwanza Binti alitazama magoti yake, na kidole gumba hakikufanya kitu. Ikaja dakika ya pili. Kisha kidevu kikainuka kidogo, macho yakaganda ukutani.

Tangazo lile lilikuwa na maneno matatu. Mtu huyasoma mara moja, akamaliza. Binti aliyasoma, akaendelea kuyasoma, hapepesi.

Bega la mpimaji likapanda. Kidole kikabonyeza. Bega likapanda. Kidole kikabonyeza. Likapanda mara nyingine, na kidole kikatulia makusudi, kikaliacha moja lipite. Hata hilo alilijua. Hakuna aliyemfundisha.

Mpango mzuri wa Mkunga ulikuwa umekaa pale kwenye kiti, na hedifoni kichwani. Binti atatoka na cheti cha masikio ya msichana. Yeye ataingia, atatoka na chake. Maduara mawili meupe, moja nukta nane, karatasi kabatini. Na mwanawe atarudi kwenye simu zake na samahani zake, na akifukuzwa atasema ni uzembe, atajirekebisha. Atapata mume atakayetembea na kijiko. Atakuwa hodari wa kusoma midomo, hodari wa kubuni, na maisha yake yote atakaa ndani ya kabati la sponji akichungulia bega la mtu mwingine. Hakuna atakayemwona. Mama yake tu ndiye aliyekuwa na macho ya kumwona, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi.

Aliinuka.

"Mama, hairuhusiwi," mpimaji alianza, lakini Mkunga alikwisha kumpita. Alifungua mlango wa kibanda. Binti alishtuka, akamtazama. Mkunga alinyoosha mikono juu ya kichwa cha mwanawe, akaitoa fremu kwenye msumari. Pale ilipokuwa sponji ilibaki na alama ya mraba, safi kuliko sehemu nyingine. Alitoka nayo.

"Anzeni upya," alimwambia mpimaji.

Mpimaji alitazama fremu, akatazama kiti, akatazama kioo cha dirisha lake. Ilimchukua muda. Alipoelewa aliweka mkono begani kwake, lile la kulia, kama aliyeumwa na mdudu. Bwana Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa penseli sikioni, akairudisha.

Binti alikuwa amevua hedifoni. Macho yake yalikuwa mekundu ya aibu, na ya kitu kingine kilichokuwa kinaanza kumfikia.

"Mama. Umejuaje?"

Mkunga aliigeuza fremu, akamwonyesha kile kioo. Uso wa mwanawe ukabadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu unasoma darasa la nne."

"Na mimi uliniambia..."

"Nilikuambia uongo. Kaa, umalize. Usitafute mtu wa kumtazama. Sikiliza tu, na usiposikia, usibonyeze."

"Wataninyima kazi."

"Huenda."

"Na wewe?"

"Ukitoka naingia mimi."

Binti hakulia. Alivaa hedifoni kwa mikono miwili, akageukia ukuta, na Mkunga hakujua kama alikuwa amesamehewa au alikuwa ameachwa. Akarudi benchini, akaweka fremu mapajani, kioo kikitazama chini. Kesho ataichukua ile chati ya mshona mapazia, ataipeleka kwa Matroni, aseme ni namba zipi hazikusikika. Alijua kitakachofuata. Aliijua mpaka harufu ya vumbi la ile stoo.

Kupitia kidirisha aliona macho ya mwanawe yakihangaika juu ya sponji, kushoto, kulia, hayana pa kutua. Mwishowe yakafumba. Bega la mpimaji likapanda. Kidole hakikutikisika. Likapanda tena. Mkunga alijikuta akihesabu, kama alivyohesabu mapigo zamani, alipokuwa bado anayasikia. Sita. Saba. Nane. Kidole kilikuwa kimetulia tu juu ya kitufe.

"Unalia nini?" aliuliza kaka yake.

Aligeuka ili kaka yake amsome mdomo vizuri. "Mimi pia, Kaka."

Mjomba hakuonekana kushangaa. "Miaka kumi na tano," alisema, "nikikuita kwa nyuma hugeuki."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyechora karatasi, dada. Nikaona umejiachia nafasi. Nikasema basi, acha abaki mmoja."

Mlango ulifunguliwa. Binti alitoka, akapita mbele yao, akasimama dirishani akiwapa mgongo. Bwana Tatu aliandika kitu kwenye orodha yake, polepole, kwa kalamu ya wino.

"Anayefuata," aliita mpimaji.

Alikuwa mwanamke mwenye sauti nyembamba, na Mkunga alimsikia vizuri sana. Akampa kaka yake ile fremu aishike, akaingia.